Kenya 1992 au Tanzania 1995: uanze na uchaguzi upi?

Chukua punje mia moja za mahindi, zimwage mezani, uzigawe mafungu manne: 36, 26, 20 na 18. Huo ndio uchaguzi wa rais wa Kenya wa tarehe 29 Desemba 1992. Fungu la kwanza ni la Daniel arap Moi wa KANU, chama tawala, la pili la Kenneth Matiba wa FORD-Asili, la tatu la Mwai Kibaki wa DP, la nne la Jaramogi Oginga Odinga wa FORD-Kenya. Walikuwapo wagombea wengine wanne, ila kura zao zote kwa pamoja hazifikishi punje moja. Sasa zikusanye uzigawe upya: 62, 28, 6 na 4. Hiyo ni Tanzania, Oktoba 1995: Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP.

Ninafundisha historia Tanga, na kila mwaka klabu yetu ya mdahalo inapofika kwenye mada ya vyama vingi tunarudi kwenye ubishi uleule: tuchukue uchaguzi upi? Hapa kwetu swali hilo si geni. Mombasa iko karibu nasi kuliko Dodoma, na nyumba nyingi zina shangazi au mjomba ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Nimeshawahi kuongoza mjadala wa Kenya peke yake, wa Tanzania peke yake, na mara moja, kwa ujasiri wa kijinga, wa zote mbili jioni moja. Huo wa mwisho haukufika popote. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni cha mtu anayetakiwa kuchagua: mwalimu, kiongozi wa klabu, au msomaji anayetaka kuielewa siasa ya vyama vingi tangu ilipoanza na ana jioni moja au mbili tu za kuitazama.

Wabishi watasema Tanzania ilianza mapema zaidi. Ni kweli. Novemba 1962 Tanganyika ilimchagua rais kwa ushindani: Mwalimu Nyerere wa TANU dhidi ya Zuberi Mtemvu wa ANC ya hapahapa Tanganyika. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98. Kwa punje zetu, Mtemvu anapewa mbili, na moja kati ya hizo ni ya hisani. Baada ya hapo ikawa Ndiyo au Hapana mpaka 1990. Kenya haikuwa hata na hiyo: Kenyatta na Moi walipita bila kupingwa miaka yote, na mwaka 1992 ndio wa kwanza ambapo Mkenya aliingia kituoni akakuta karatasi ya rais yenye jina zaidi ya moja.

Mlango ulifunguliwaje

Kenya mlango ulisukumwa. Kipengele cha 2A kiliingizwa kwenye katiba mwaka 1982, KANU ikawa chama pekee kwa sheria. Mwaka 1988 ukaja mlolongo: katika mchujo wa chama watu walipanga foleni nyuma ya mgombea wao au picha yake, mchana kweupe, kila mtu akiona nani ana wengi, kisha kuna mahali foleni fupi ikatangazwa mshindi. Wanafunzi hudhani ninawatania. Julai 1990 Matiba na Charles Rubia walitaka kufanya mkutano Kamukunji, Nairobi, tarehe saba. Wakakamatwa siku chache kabla, na siku yenyewe ikabaki na jina la Saba Saba. (Hapa inabidi usimame ueleze, maana kwa mtoto wa Tanga Sabasaba ni maonyesho ya biashara, na kwa babu yake ni siku ya kuzaliwa TANU.) Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini. Agosti 1991 wazee sita wakatangaza FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, mmoja wao Ahmed Bamahriz wa Mombasa. Novemba wafadhili waliokutana Paris wakazuia misaada mipya. Mwanzoni mwa Desemba Moi akawaambia wajumbe wa KANU pale Kasarani, Nairobi, kwamba 2A inaondoka, na wengi wao walikuwa wamekwenda wakitarajia kuambiwa kinyume chake.

Tanzania mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na mkono ulioshika komeo ulikuwa wa Mwalimu mwenyewe. Kuanzia 1990 Nyerere alisema waziwazi kwamba mjadala wa vyama vingi usiogopwe. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi mwaka 1991, na karibu watu wanane katika kila kumi waliotoa maoni wakataka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, kwa kuwa sauti ya hao wawili nayo haikuwa ya kupuuzwa. Tarehe 1 Julai 1992 mfumo ukaanza.

Tofauti hiyo huieleza nusu ya yaliyofuata. Kenya upinzani ulikuwa na umati kabla haujawa na ofisi. Tanzania ulipewa cheti cha usajili kwanza, ndipo ukatoka kwenda kuutafuta umati. Na ulipoupata, mwaka 1995, ulikuwa umati wa mtu mmoja.

Vyama: nani alitoka wapi

Kwa kitu kimoja nchi hizi zinafanana mno: wapinzani wote wazito walikuwa wametoka jikoni kwa chama tawala. Odinga alikuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya. Kibaki alikuwa makamu wa Moi kwa miaka kumi, akabaki waziri mpaka Desemba 1991. Matiba alikuwa waziri mpaka 1988. Mrema, kwetu, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, na miezi minane tu kabla ya kura alikuwa bado kwenye baraza la mawaziri la Mzee Mwinyi.

Kibaki ana kisa ambacho wanafunzi hawakisahau. Mwaka 1991 alisema kwamba kutaka kuing'oa KANU ni sawa na kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Mugumo ni mti mkubwa na wa heshima huko Mlima Kenya. Miezi haikupita mingi, siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, akajiuzulu akaenda kuanzisha DP. Maana yake akashika wembe yeye mwenyewe.

FORD ilikuwa na nafasi ambayo upinzani wa Tanzania haujawahi kuipata mpaka kesho. Ilipasuka. Odinga na wanasheria vijana upande mmoja, Matiba na Martin Shikuku upande wa pili. Wa Odinga ofisi yao Agip House, wa Matiba Muthithi House, mtaa mmoja na mwingine wa Nairobi, kila upande ukidai ndio FORD yenyewe. Hadi uchaguzi unafika ni vyama viwili vyenye jina karibu moja. Ukitafuta tofauti ya sera kati ya FORD hizo mbili na DP, utapekua ilani mpaka usiku na hutapata kikubwa. Wote walitaka Moi aondoke. Hawakukubaliana nani aingie.

Tulimwalika klabuni mzee mmoja aliyekuwa dereva wa basi la Tanga–Mombasa miaka hiyo. Watoto wakamwamkia, akaketi, msichana mmoja wa kidato cha tatu akamuuliza: "Babu, ulijuaje mtu ni chama gani?" Mzee akanyoosha kidole kimoja juu. "Hii KANU. Chama kimoja, baba mmoja." Akaongeza cha pili. "Hii FORD. Ukifika Likoni kusubiri kivuko, watu wanakuonyesha vidole kupitia dirishani kabla hata hawajakusalimia. Nami dereva wa Tanzania, nifanyeje? Nilikuwa nashika usukani kwa mikono yote miwili." Darasa likacheka, naye akaongeza kwamba noti mpya ya shilingi 500 ilikuwa na jina la utani: Jirongo, kwa sababu ya Cyrus Jirongo, mwenyekiti wa Vijana wa KANU '92. Kikundi hicho kilimwaga fedha nyingi kiasi kwamba jina la mtu likawa jina la noti.

Tanzania ilikuwa na utaratibu mkali zaidi wa kusajili vyama. Sheria ya 1992 ilitaka kila chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwa angalau mikoa kumi, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Chama cha dini, kabila au eneo kikazuiwa. Kwa sheria hiyo DP ya Mchungaji Christopher Mtikila ilinyimwa usajili, kwani haikuutambua Muungano. Kenya nako chama cha kiislamu, IPK, kilichokuwa na nguvu Mombasa, kilinyimwa usajili, na mwaka 1992 mji ule ukaona ghasia. Kumbuka tu, ukifundisha zote mbili, kwamba DP ya Kibaki na DP ya Mtikila ni vitu viwili tofauti kabisa. Insha nilizosahihisha kwa sababu ya herufi hizo mbili zinatosha kujaza gunia.

NCCR-Mageuzi ilianza kama chama cha wanasheria na wasomi, Mabere Marando akiwa mbele. Mrema alipohamia mwanzoni mwa 1995 aliingia kama mafuriko. Alikuwa waziri aliyewasikiliza wanyonge ofisini, aliyewapa maofisa "siku saba" za kurekebisha jambo, na kila aliyewahi kuzungushwa na karani alimwona kama wake. Vijana walilisukuma gari lake likiwa na mafuta tele tangini. CHADEMA ya Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, haikusimamisha mgombea urais. Lipumba alikuwa mchumi wa chuo kikuu mwenye sauti ya upole, mgombea wa chama ambacho mizizi yake ilikuwa Pemba. Cheyo alikuwa Bwana Mapesa, na kila mtu alijua kwa nini.

CCM nayo ilikuwa na jambo ambalo KANU hawakuwa nalo: rais aliyekuwa anaondoka. Mwinyi alimaliza vipindi vyake viwili. Kenya, mgombea wa chama tawala ndiye huyohuyo mwenye polisi, redio na hazina. CCM ilikwenda Dodoma Julai 1995 na majina matatu ya mwisho, Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Kikwete akaongoza raundi ya kwanza, Mkapa akampita ya pili. Na nyuma ya Mkapa alisimama Nyerere, aliyekwisha kuwapasha wenzake kwenye hotuba yake ya nyufa za taifa mwezi Machi, kisha akatembea mikoani kumwombea kura. Hebu fikiria mpinzani anayetaka kusema CCM imeoza, na anayesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko yeye ni mwasisi wa CCM, halafu mwasisi huyo anamalizia kwa kusema, hata hivyo mchagueni huyu. Mrema angejibu nini?

Sahani nane

Hapa ndipo Kenya inapokuwa somo zuri kupita kiasi. Agosti 1992 sheria ya ushindi ilibadilishwa: mshindi awe na kura nyingi kuliko wenzake na, juu ya hapo, apate angalau asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Weka sahani nane mezani: Nairobi, Kati, Pwani, Mashariki, Kaskazini Mashariki, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi. Wape wanafunzi punje waziweke walikotoka.

Odinga anaijaza Nyanza, karibu robo tatu ya kura zote za pale, na kwingine kote hafikishi kiwango. Kibaki anafikisha kiwango Kati na Mashariki. Matiba Nairobi, Kati na Magharibi. Moi ndiye peke yake aliyefika mitano: Bonde la Ufa, Pwani, Mashariki, Magharibi na Kaskazini Mashariki. Kati alipata takriban punje mbili katika mia. Aliitawala nchi ambayo mkoa ule wote karibu haukumpa kitu, na sheria ikasema ametosha.

Ni sheria iliyovaa nguo nzuri. Inasikika kama ya kujenga taifa, na kwa maana fulani ni hivyo: inamkataza mtu kuingia Ikulu kwa kura za kabila moja. Lakini mwaka ule ilimfaa mtu mmoja, yule ambaye chama chake kilikuwa na ofisi kila wilaya tangu uhuru. Na kuna ukurasa mwingine wa habari hiyohiyo. Kuanzia Oktoba 1991 mapigano yaliwaka Bonde la Ufa na Magharibi, mamia wakauawa, maelfu wakahama mashamba waliyokuwa wamelima miaka mingi. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe, iliwanyooshea kidole wanasiasa wa KANU. Wajumbe wake wote walikuwa KANU, na Bunge, nalo la KANU tupu, likaikataa ripoti. Mtu aliyefukuzwa shambani kwake hapigi kura jimboni alikojiandikisha, na sahani ya mkoa ule hubadilika bila kuguswa na mkono wa karani wa kura.

Tanzania kanuni ilikuwa nyepesi kuelewa na nzito kutimiza: zaidi ya nusu ya kura zote halali. Mkapa alivuka kwa 61.8. Mwaka 2000 katiba ikabadilishwa, kura nyingi kuliko wengine zikatosha. Hapo waulize wanafunzi swali dogo kabla hujaendelea: kwa nini chama kilichovuka nusu kwa raha kiliamua kuishusha kamba? Utapata majibu ya dakika ishirini.

Umoja ungetosha?

Sasa nifike kwenye sababu hasa ya kuandika. Tanzania, kila baada ya uchaguzi, utasikia kwenye daladala na kwenye baraza la kahawa: "Wapinzani wangeungana wangeshinda." Usemi huu umekuwa kama dua. Ninaamini tuliuazima Kenya, ukavuka Namanga na Horohoro bila kukaguliwa.

Rudi kwenye punje. Kenya 1992, wapinzani watatu wakubwa wana 26, 20 na 18. Sogeza mafungu mawili tu, Matiba na Kibaki, na Moi amepitwa kwa kura. Ongeza la Odinga, ni 64 kwa 36. Ndiyo, si kila mfuasi wa Matiba angemfuata Kibaki, na sahani tano zingebaki kikwazo, lakini wingi ulikuwapo, na walioupoteza ni wao wenyewe. Kijana mmoja wa klabu alisogeza yale mafungu kwa kiganja, akanitazama, akasema, "Mwalimu, hawa walijichinja." Sikuwa na la kuongeza.

Tanzania 1995, sogeza yote. Mrema, Lipumba na Cheyo kwa pamoja: 38. Mkapa 62. Umoja mkamilifu, bila mfuasi hata mmoja kupotea njiani, na bado hujafika. Kwa kiti cha urais, somo la 1995 ni jingine kabisa: chama kilichokuwa na balozi wa nyumba kumi kila mtaa, mwasisi aliye hai na miaka thelathini ya mazoea, kikipambana na chama ambacho mgombea wake alikuwa amekijua kwa miezi saba.

Lakini usimalize hapo, utawadanganya. Kwenye ubunge mambo hugeuka. CCM ilichukua viti 186 kati ya 232 vya kuchaguliwa, yaani vinane katika kila kumi, kwa kura za wabunge ambazo hazikufika sita katika kila kumi. CUF 24, NCCR 16, CHADEMA na UDP vitatu vitatu. Katika majimbo mengi ya Bara wapinzani wawili watatu walisimama wakagawana, wa CCM akapita katikati. Kwa hiyo dua ya umoja ina ukweli, ila watu wameipeleka kwenye mlango usio wake. Kenya Bunge la 1992 lilikuwa na sura tofauti: KANU 100 kati ya 188, FORD-Kenya 31, FORD-Asili 31, DP 23, na vyama vitatu vidogo kiti kimoja kimoja. Upinzani uliogawanyika namna ile, na bado ulikaribia nusu ya Bunge.

Siku yenyewe, na baada yake

Wanaopenda visa vya siku ya kura wachague Tanzania. Tarehe 29 Oktoba 1995, Dar es Salaam, jiji lenye bandari, viwanda na makao ya Tume yenyewe, vituo vilifunguliwa mchana, vingine havikufunguliwa. Karatasi hazikufika, au zilifika bila wino au mihuri. Watu waliopanga foleni tangu alfajiri walirudi nyumbani jioni na shahada zao za kupigia kura mfukoni. Tume ya Taifa ya Uchaguzi, chini ya Jaji Lewis Makame, ikafuta uchaguzi katika majimbo yote saba ya jiji na kuurudia tarehe 19 Novemba. Wapinzani wakasema urudiwe nchi nzima au hawashiriki. Haukurudiwa. Mkapa akaapishwa tarehe 23 Novemba.

Wanasheria wachague Kenya, kwa ajili ya saini moja. Matiba alifungua kesi kupinga ushindi wa Moi. Kiharusi kilikuwa kimemwondolea uwezo wa kuandika, kwa hiyo mkewe alitia saini kwa niaba yake kwa hati ya uwakilishi. Mahakama ikaitupa kesi: mlalamikaji hakutia saini mwenyewe. Hoja za wizi wa kura hazikufika hata kusikilizwa. Mkono uliolemaa kizuizini ndio uliomfungia mlango wa mahakama. Nikifika hapo huwa ninaweka kalamu mezani na kuacha darasa likae nalo kidogo. Tanzania hakukuwa na haja ya hoja ya saini, kwa sababu katiba imesema matokeo ya rais yakishatangazwa na Tume hakuna mahakama ya kuyachunguza. Robo karne baadaye, mwaka 2017, mahakama ya juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais. Ukiwa na mwanafunzi mwenye hamu, mpe njia hiyo kutoka saini ya Matiba mpaka pale, aifuate mwenyewe.

Magazeti na redio sitakawia nayo. Tanzania 1995 ilikuwa na vituo binafsi vichanga na magazeti mengi ya Kiswahili. Kenya 1992 redio iliyofika kijijini ilikuwa ya serikali tu. Mgombea anayesikika kijijini kwa sauti ya mpinzani wake hahitaji maelezo marefu.

Uchague upi

Ukiwa na jioni moja, chukua Kenya 1992. Punje na sahani zinatosha, hesabu inaonekana kwa macho, na kijana wa kidato cha pili anatoka akijua kwamba kanuni ya ushindi ni sehemu ya ushindi. Wanaotaka kuanzisha chama, au waliokwisha kujiunga na kimoja na wanalalamika, wasome Tanzania Bara 1995, hasa habari ya NCCR baada ya kura: Mrema na Marando wakagombana, na kufikia 1999 mgombea aliyekiletea chama kura milioni 1.8 alikuwa amehamia TLP. Umati ukaondoka naye, au ukabaki nyumbani. Chuo au kikundi kinachojifunza sheria za uchaguzi kisome Kenya, kisha kipengele chetu cha katiba pembeni yake. Na kama kundi lako lina watu wa Bonde la Ufa waliohamishwa, au watoto wao, usianze na sahani. Anza na chai, na uwaache waseme kwanza kama wanataka.

Zanzibar nimeiacha mwisho kwa makusudi. Ulikuwa uchaguzi wake, wiki moja kabla ya ule wa Muungano, tarehe 22 Oktoba 1995, na vyama vilikuwa viwili tu vya kweli: CCM na CUF. Wenye kuutaka ulio wa vyama viwili, wenye ushindani wa kufa na kupona, huu ndio. Matokeo yalichukua siku nne. Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF 49.8. Kura 165,271 kwa 163,706. CUF ikachukua majimbo yote 21 ya Pemba na matatu ya Unguja. CCM 26, yote Unguja. CUF wakakataa matokeo, wakasusia Baraza la Wawakilishi, na ilichukua mpaka Juni 1999, kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, kufikia Muafaka wa kwanza. Si wa kufundishia wageni wa mada, na ukiwa Unguja au Pemba, ushauri wangu ni uanze na Kenya, mbali na nyumbani, kisha urudi taratibu.

Niliwahi kuujaribu kwa punje. Tofauti ni kura 1,565, katika mia haifiki nusu punje. Ukiweka hamsini huku na hamsini huku, umekosea. Ukiweka hamsini na moja kwa arobaini na tisa, umekosea zaidi. Kijana mmoja, mamake wa Wete, Pemba, akaomba wembe, akachukua punje moja, akaanza kuikata. Punje ya mahindi makavu haikatiki vizuri. Ilimruka vidoleni, ikaanguka chini ya meza, na tukamaliza kipindi wote tumeinama tunaitafuta.